Wino Unaokula Barua

Tarehe 5 Februari 1783, akiwa Cádiz, bandari ya kusini mwa Hispania, Lafayette alimwandikia George Washington, kamanda wa jeshi la Marekani, kumpa habari ya amani. Lafayette alikuwa Mfaransa wa miaka 25 aliyepigana bega kwa bega na Wamarekani katika vita vyao vya uhuru dhidi ya Waingereza. Mikataba ya awali ilikuwa imetiwa saini Versailles tarehe 20 Januari, na habari ikavushwa bahari kwa merikebu iliyoitwa Triomphe. Washington alijibu tarehe 5 Aprili kutoka kambini kwake Newburgh, kando ya mto Hudson. Miezi miwili kamili ilipita kati ya barua na jibu lake.

Furaha imo katika jibu hilo, lakini haimo peke yake. Lafayette alikuwa amependekeza wanunue pamoja shamba dogo, wajaribu kuwaacha huru watumwa na kuwaweka hapo kama wapangaji. Washington, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, alilisifu wazo hilo, akasema maelezo yake wayaache mpaka watakapoonana. Mambo kama hayo hayamo katika tangazo rasmi la kumaliza vita. Yamo katika barua, na ndiyo maana kuna watu wanaofanya kazi ya kuzilinda barua za zama hizo zisiharibike.

Karatasi yenyewe ilikuwa imara, maana ilitengenezwa kwa matambara ya kitani yaliyopondwapondwa. Kasoro ilikuwa kwenye wino. Nyigu hutaga mayai kwenye mti wa mwaloni, mti ukaota vivimbe. Vivimbe hivyo vilisagwa, vikalowekwa, vikachanganywa na salfeti ya chuma, kisha ikatiwa gundi ya mgunga ili wino ushike. Ulipotoka kwenye unyoya wa bata bukini ulikuwa hafifu, ukapata weusi wake hewani. Lakini ndani yake mna asidi, na mna chuma kinachoendelea kufanya kazi miaka mia mbili baadaye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi wa kuhifadhi karatasi huanza kazi bila kugusa chochote. Huzima taa ya dari, akawasha taa ndogo pembeni ili mwanga ulale juu ya ukurasa. Hapo makunyanzi yote huonekana: mikunjo ya barua iliyokunjwa yenyewe kwa yenyewe bila bahasha, alama ya lakiri, na tundu la kipande kilichong'oka nayo siku mpokeaji alipoifungua kwa pupa. Kisha huigeuza. Pale mwandishi alipokandamiza unyoya, ukahawia umepenya hadi nyuma. Tumbo la herufi o limekwisha kudondoka. Imebaki nafasi yake.

Kipimo hufuata. Ni kijipande cha karatasi nyeupe chenye dawa maalumu. Fundi hukidondoshea tone la maji, hukifyonza mpaka kibaki na unyevu kidogo tu, hukilaza juu ya wino kwa muda wa nusu dakika. Kikigeuka waridi, chuma huru, kile kinachoila karatasi, kipo.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu kila njia iliyo mbele yake ina hatari. Maji kidogo ni mabaya kuliko maji mengi. Unyevu wa brashi moja huchukua asidi na chuma kutoka kwenye mstari wa wino na kuvisambaza kwenye karatasi iliyokuwa salama. Kwa hiyo ama barua izamishwe yote, ama isiloweshwe kabisa. Ikizamishwa, hutiwa kwenye maji yenye fiteti ya kalsiamu, njia iliyobuniwa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 1995. Fiteti hutokana na asidi iliyomo katika nafaka na maharage, nayo hukikamata chuma kisidhuru. Baada ya hapo hufuata maji ya kuua asidi, na mwisho jelatini ya kuirudishia karatasi nguvu. Ila kuna barua dhaifu ambazo zingekatikia majini, na fundi hodari ni yule anayeijua barua ya kutozamishwa.

Barua ya aina hiyo huzibwa nyufa tu. Fundi huwa na karatasi nyembamba ya Kijapani ya nyuzi za mti wa kozo, iliyopakwa jelatini mapema ikakauka. Haikati kwa mkasi. Huichana taratibu, ili ukingo ubaki na nyuzi zilizochomoza, zishike bila kuacha ngazi. Kipande hicho hukigusisha kwenye sifongo yenye unyevu, jelatini ikaamka, hukiinua kwa kibano na kukilaza juu ya ufa, nyuma ya barua. Juu yake huweka kitambaa cha poliesta, kisha karatasi ya kufyonza maji, kisha uzito mdogo. Husubiri kikauke. Ndipo anapouendea ufa wa pili.

Ile o iliyodondoka haijazi. Mkono anao, na wino wa kufanana angeupata, lakini angekuwa anaandika barua ya mtu mwingine. Kwangu mimi, kujizuia huko ni sehemu ya ufundi sawa na kuziba ufa.

Nawe ukiwa na barua ya babu ndani ya sanduku, usiibandike selotepu wala usiipeleke kufanyiwa leminesheni kwenye duka la fotokopi: gundi na plastiki ile huwa shida kubwa kuiondoa bila kuing'oa karatasi. Iweke bapa ndani ya karatasi safi isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu, kisha waulize watu wa Nyaraka za Taifa.