Kipimo cha haraka cha trakoma mbele ya mashine ya PCR

Trakoma husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, anayeishi kwenye utando wa ndani wa kope. Mtoto anayeambukizwa tena na tena kwa miaka hupata makovu, kope hujikunja kuelekea ndani, na ukubwani nywele zake hukwangua jicho hadi kumpofusha. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, yenye uhaba wa maji, mifugo mingi na nzi wa kutosha, ni mojawapo ya sehemu ambazo ugonjwa huu umechunguzwa kwa muda mrefu zaidi duniani. Utafiti wake ulishika kasi katika miaka ya 1980.

Uchunguzi wa kijijini hufanywa kwa macho. Mpimaji huvaa miwani ya kukuzia, hugeuza kope la juu la mtoto na kuangalia eneo la katikati. Akiona vivimbe vitano au zaidi, kila kimoja kikiwa na upana usiopungua nusu milimita, huandika TF, yaani trakoma ya vivimbe, kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1987. Njia hii ni rahisi, na mtu akifundishwa vizuri huimudu. Kasoro yake ni kwamba vivimbe ni jibu la mwili. Bakteria anaweza kuwa amekwisha kuondoka vivimbe vikabaki kwa wiki au miezi, na mtoto aliyeambukizwa karibuni anaweza kuwa na kope laini lisilo na dalili yoyote.

Bakteria mwenyewe hutafutwa kwa PCR, njia ya maabara inayotambua vinasaba vyake. Kijiti chenye pamba husuguliwa kwenye kope, hugandishwa, kisha husafirishwa. Sampuli za tafiti za Kongwa zimekuwa zikipelekwa hadi maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Majibu yakirudi, timu imekwishaondoka kijijini, na gharama yake haibebeki na mpango wa kawaida wa halmashauri.

Pengo hilo ndilo kundi la Helen Lee wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilitaka kuliziba. Kipimo chao ni kitepe kinachonasa molekuli ya mafuta na sukari iliyo kwenye ganda la klamidia. Kinasomwa kwa macho, kwa kuangalia mstari unaojitokeza maambukizi yakiwepo, hakihitaji umeme, na hutoa jibu ndani ya nusu saa. Mantiki yake ni ile ile ya kipimo cha haraka cha streptokoka wa koo, isipokuwa huko kipimo rejea, yaani kile cha kulinganishia, huwa ni kuotesha vimelea kwenye sahani ya damu kwa siku moja au mbili, na hapa ni PCR.

Matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika vijiji vya mbali vya Tanzania yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006. Watoto 664 wa umri wa mwaka 1 hadi 9 walipimwa kwa njia zote: kope lilikaguliwa, kitepe kikasomwa, PCR ikafanywa. PCR ilikuta 128 wana maambukizi, yaani asilimia 19. Kati ya hao kitepe kiliwanasa 107, sawa na usikivu wa asilimia 83.6. Kati ya 536 ambao PCR iliwaona hawana kitu, kitepe kilikubali kwa 533, sawa na umahususi wa asilimia 99.4. Ukaguzi wa dalili ulipata takriban asilimia 64 na 80 kwa mpangilio huo huo.

Watoto 21 walikosewa, na hili halishangazi. PCR huzidisha vinasaba mara mamilioni, kwa hiyo huona hata bakteria wachache. Kitepe kinahitaji mzigo mkubwa zaidi. Pia huenda baadhi ya kile PCR inachokiita maambukizi ni mabaki ya bakteria waliokufa, au uchafu uliohama kutoka jicho la mtoto mmoja hadi la mwingine kwa glavu isiyobadilishwa. Upande wa pili, kamasi na machozi huweza kuizuia PCR isifanye kazi, na hapo kitepe kilichosema kweli huandikiwa kosa. Hata mpangilio wa vijiti una uzito: kijiti cha kwanza huchota seli nyingi kuliko cha pili, na kipimo kinachopewa cha pili daima huanza kikiwa nyuma. Kipimo rejea nacho, kwa maneno mengine, ni kipimo tu.

Umahususi wa asilimia 99.4 umejengwa juu ya makosa matatu. Kwa idadi ndogo hivyo, kiwango halisi cha makosa kinaweza kuwa popote kati ya mtoto 1 na watoto 16 katika kila 1,000 wasio na maambukizi. Tofauti hiyo haionekani ugonjwa ukiwa umejaa. Katika majaribio haya, watoto 110 walioonyesha mstari walikuwa karibu wote wagonjwa kweli. Wilayani Rombo, mkoani Kilimanjaro, utafiti mwingine ulionyesha maambukizi yakishuka kutoka asilimia 9.5 hadi 0.1 katika miaka miwili baada ya jamii nzima kupewa azithromaisini. Kitepe kikipelekwa mahali pa namna hiyo, katika watu 1,000 kuna mgonjwa 1, na waliosingiziwa, kwa umahususi ule ule wa asilimia 99.4, ni karibu 6. Kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni kijiji.

Hata hivyo, trakoma haitibiwi mtoto kwa mtoto. Uamuzi wa kutoa kingatiba huchukuliwa kwa eneo zima, na hapo hesabu inageuka. Watoto saba wenye mstari kati ya 1,000 ni chini ya asilimia moja, mbali kabisa na kiwango chochote cha kugawa dawa, hata kama sita kati yao si wagonjwa. Kwa upande mwingine, pale maambukizi yalipokuwa asilimia 19, kitepe kilionyesha karibu 17 na dalili zaidi ya 28. Dawa ingegawiwa kwa njia yoyote ile. Faida ya kitepe basi ingekuwa katikati, yaani baada ya raundi kadhaa za dawa, wakati vivimbe bado vinaonekana lakini bakteria amepungua. Bahati mbaya ni kwamba hapo ndipo mzigo wa bakteria nao unapokuwa mdogo, na watoto wa aina ya wale 21 waliokosewa huwa wengi.

Jaribio la Tanzania halikutosha kujibu kama kitepe kingefaa hapo. Kipimo cha aina hiyo kilipofanyiwa majaribio Gambia na Senegal, katika matokeo yaliyochapishwa 2011, usikivu haukufika asilimia 70, na mahali pengine ulikaribia theluthi moja tu. Umahususi nao ulishuka hadi kati ya asilimia 92 na 99. Kwenye jamii yenye maambukizi machache, umahususi wa 92 pekee unatosha kuonyesha mstari kwa asilimia 8 ya watoto hata kama hakuna hata mmoja mgonjwa, na wilaya iliyo salama ingegawiwa dawa bila sababu.

Shirika la Afya Duniani limebaki na kope lililogeuzwa: wilaya huhesabiwa kuwa imefikia lengo la TF ikiwa iko chini ya asilimia 5 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9. Watafiti nao wamegeukia damu, wakitafuta kingamwili dhidi ya protini ya klamidia iitwayo Pgp3, ambazo hueleza kama mtoto amewahi kukutana na bakteria badala ya kama anaye leo.