Penseli Bila Kifutio

Mchoraji Egon Schiele alichora bila kifutio. Ameeleza hayo rafiki yake aliyemshuhudia akiwa kazini: anayechorwa akisogea, Schiele alitia mstari mpya kando ya ule wa kwanza, akaendelea. Rangi aliipaka baadaye, kwa kumbukumbu tu, aliyechorwa akiwa ameshaondoka.

Kwa hiyo michoro yake ni ya kutazamwa polepole. Shika mstari mmoja begani uufuate: unateremka, unavunjika ghafla penye kiwiko, unakaza penye mfupa, unalegea penye nyama. Mkono ukisita, karatasi inasema. Mara nyingi hakuchora kiti wala kitanda. Mtu ameketi juu ya weupe mtupu, na bado unauhisi uzito wake. Kwangu mimi huo ndio umahiri wake mkubwa kuliko rangi zote alizopaka: mwili mzima kubebwa na ukingo wake. Na aliyeyafanya haya alifariki Vienna mwaka 1918 akiwa na miaka 28, kwa homa ya mafua, siku tatu baada ya mkewe Edith.

Miaka ya 1950, Schiele akiwa bado hana bei, Rudolf Leopold alianza kumnunua. Yeye na mkewe Elisabeth walikuwa madaktari wa macho wa hapohapo Vienna, na naona si ajabu kwamba watu waliosomea jicho walivutwa na mchoraji wa namna hii. Rudolf hakuishia kununua. Alizichambua kazi hizo moja moja, na mwaka 1972 akatoa kitabu kikubwa cha kuziorodhesha. Mkusanyo wao, kazi zaidi ya 5,000, ndio uliozaa Jumba la Makumbusho la Leopold, lililofunguliwa mwaka 2001.

Humo imo picha ya Wally, mpenzi wa Schiele, ya mwaka 1912. Wakati wa Wanazi ilinyang'anywa Lea Bondi, Myahudi mfanyabiashara wa sanaa. Kesi ya picha hiyo ilianza New York baada ya picha kuzuiwa huko mwaka 1998, ikamalizika 2010 kwa jumba kulipa dola milioni 19 na kukubali kuweka historia hiyo kwa maandishi kando ya picha. Yasomwe kwanza, kisha atazamwe Wally.

Wally ni wa rangi ya mafuta, anastahimili mwanga. Michoro ya karatasi haistahimili. Hutolewa kwa miezi michache, ikarudishwa gizani. Anayekwenda kwa ajili ya mstari aulize kwanza ipi imetolewa.