Kimo cha Kamera

Enzi za Rais Kamuzu Banda, kila duka na kila ofisi nchini Malawi ilitakiwa kutundika picha yake, na ukutani hapo pasiwe na kitu kilichopanda juu zaidi ya picha hiyo, hata saa. Wanawake nao, kuanzia 1973, walipigwa marufuku kuvaa suruali au sketi fupi. Waliompinga walijaza magereza, mojawapo likiwa Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Mwaka 1994 utawala wake ulikoma, na mwaka huohuo Dzaleka ikawa kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu elfu kumi hivi. Sasa wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni.

Picha ile ya Banda hunijia kila ninapowatazama wapiga picha wa Dzaleka wakiwa kazini, kwa kuwa nao wanashughulika na jambo lilelile: nani awe juu, nani awe chini.

Chukua mama anayeuza nyanya. Amekaa chini, miguu kainyoosha, kitenge kimefunika magoti, mafungu kayapanga juu ya turubai. Mpita njia mwenye simu atampiga akiwa amesimama vilevile alivyokuja. Pichani kichwa cha mama kitakuwa kikubwa, mwili umefupika, na macho, kwa kuwa yanamtazama aliyesimama, yameinuliwa. Atakayeiona picha hiyo atasema: masikini, anaomba. Wala hajaomba kitu. Ameulizwa swali na mtu mrefu.

Kuna dada mmoja ambaye kazi yake naipenda kuitazama hata kuliko picha zake. Hufika, husalimia, hununua fungu moja, kisha huchuchumaa. Hata hapo haitoi simu. Wanaongea bei ya mafuta, mvua, mtoto aliyefeli mtihani. Kamera inapokuja kuinuliwa iko usawa wa kifua cha mama, na kila kitu kinajipanga upya: nyanya zinasogea mbele zikiwa nyingi, mabega yanapanda juu ya paa la kibanda cha jirani, mkono unaohesabu chenji ni mkono wa mwenye biashara. Hakuna kilichoongezwa wala kupambwa. Ni magoti tu yamekunjwa.

Wapo wanaoshuka zaidi, wakalala kabisa vumbini ili nyuma ya mama ibaki mbingu tupu, awe kama sanamu ya uhuru. Picha hizo huuzika, na mimi zinanichosha. Mama amekuwa shujaa, lakini nyanya zake hazionekani.

Baada ya kimo, mwanga. Kamera haijui inamtazama nani. Kwa kawaida hupima mwanga ulio mbele yake na kutafuta wastani. Mtu mweusi akisimama mlangoni na nyuma yake uwanja unawaka jua, kamera itauhurumia uwanja na kumgeuza mtu kivuli. Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Maabara zilizochapa filamu za Kodak zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ikaitwa kadi ya Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha ngozi zote. Malalamiko yaliyokuja kusikilizwa yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka kahawia zao zitofautiane. Mama zetu walikuwa kwenye foleni, nyuma ya kabati.

Nyumba nyingi za Dzaleka ni za matofali ya udongo, madirisha madogo, na mchana mlango ndio taa. Kwa hiyo dada huyu humgeuza mtu. Mama hukaa hatua moja ndani, ubavu mmoja wa uso ukiuelekea mlango. Upande ulioingia gizani huwekewa kiroba cheupe cha unga, kilichofuliwa, kikashikwa na mtoto yeyote aliyepo. Mwanga hugonga kiroba na kurudi shavuni. Halafu hugusa uso kwenye kioo cha simu, akautelezesha mwanga kwa kidole, juu kidogo, chini kidogo, mpaka paji lising'ae na mikunjo ya shingo isipotee. Anataka ngozi ionekane ngozi, isiwe weusi tu. Mtoto wa kiroba huchoka na kulalamika, na yeye haharakishi.

Kazi inayolipa ni nyingine, harusi, na huko hapendwi sana. Katika miji midogo ya barabara ya M1, Madisi ikiwemo, fedha hurushwa ukumbini kwenye perekani-perekani, yaani wakati wa kuwatunza maharusi, watu wanasukumana mbele yao, na wenye shughuli huona hapo panahitaji mwanamume mwenye viwiko. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama picha za viwiko zingekuwa nzuri.

Lakini ufundi ninaoustahi kuliko wote hauonekani, kwa sababu ni wa kuficha. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa kujiwekea mipaka, na miongoni mwa mambo iliyokataa kufungwa nayo ni uhuru wa mkimbizi kutembea na haki yake ya kufanya kazi. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Fikiria basi picha nzuri ya mama aliyesimama mbele ya duka lake mjini Lilongwe: picha hiyohiyo inayompa hadhi ni ushahidi dhidi yake. Yupo pia aliyemkimbia mume, na mume ana simu na jamaa kila kambi. Kwa hao dada hupiga mikono ikikunja kitambaa, kisogo na msuko mpya, kivuli ukutani wakati wa jioni. Huzima kwanza kipengele cha simu kinachoandika mahali picha ilipopigwa. Kisha humpa mwenyewe simu aikague, na akiambiwa "Futa, dada," anafuta mbele ya macho yake, hata kama ndiyo iliyokuwa bora.

Wapo waliotaka kwenda mbali zaidi na kumkabidhi kamera anayepigwa. Katika miaka ya 1990 Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini huko Yunnan, China, wapige maisha yao kisha wakae kuyajadili mbele ya viongozi, na mtindo huo umeenea kambi nyingi duniani. Ukimwambia msichana apige picha ya haki zake, usitarajie ngumi zilizoinuliwa. Atakuletea mlango wa choo usio na komeo. Ni picha mbaya, imepinda, na ukiitazama kwa muda unatambua kwamba ameipiga akiwa ndani.

Wengine wanarudi kwenye ufundi wa kupanga kila kitu. Pamela Tulizo wa Goma, mwandishi wa habari aliyegeukia kamera, alishinda tuzo ya Dior ya wapiga picha chipukizi mwaka 2020 kwa kazi inayomweka mwanamke wa Kivu kati ya sura mbili, ile anayopewa na vyombo vya habari na ile aliyo nayo. Ukitoka huko Goma kwa vita ukaishia Dowa, swali la sura ipi ni yako unalibeba kwenye mzigo.

Picha za mama wa nyanya zilichapwa Lilongwe, na mtu mwenye kibali cha kutoka kambini. Dada alimletea mama picha mbili achague. Katika moja anacheka, meno yote nje. Ndiyo ambayo shirika lolote lingeiweka kwenye kalenda. Katika ya pili amekunja uso, noti mkononi, anamtazama mtu asiyeonekana. Akaichukua ya pili.

"Mama, hii mbona umekasirika?"

"Hapa nilikuwa namkatalia mtu mkopo," akasema, akaiweka kwenye plastiki pamoja na daftari la madeni.