Kalamu ya Pili

Kijana mmoja aliniuliza barazani, mbele ya wakubwa zake: "Mwalimu, wewe hutumia kalamu gani, na mawazo huyapata wapi?" Nilimjibu kwa mzaha, watu wakacheka, naye akanyamaza. Swali lake halikustahiki kuchekwa, na tangu siku ile limekuwa likinirudia. Zana aliyoishika mtunzi huacha alama yake katika shairi, kama tezo inavyoacha alama katika ubao wa jahazi. Mhakiki asiyeitazama zana husoma nusu ya kazi.

Nianze na marehemu Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kututoka mwaka 2021. Riziki yake aliitafuta katika uvuvi na ubaharia, na mtu aliyeshika kamba ya tanga hana mkono wa kushikia kalamu. Ukizisoma tungo zake katika diwani ya Kimbunga (1994), utaona kuwa mshororo aghalabu hutimiza jambo lake ndani ya pumzi moja. Picha hazigombani, moja hupita, nyingine ikafuata. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama ya kazi iliyomalizwa mdomoni kabla ya kufikishwa karatasini.

Wako wanaosema vina na mizani ni pingu. Ubishi huo ulipamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, nami sina haja ya kuufufua. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: kwa anayetunga bila karatasi, vina ndiyo daftari lake. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 kwa kila mshororo una silabi 64. Ukisahau neno moja, pahala pake unapajua, hesabu ya silabi zake unaijua, na likiwa mwishoni mwa kipande, hata mlio wake unaujua. Hubaki maneno matatu au manne ya kuchagulia. Ndiyo maana tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840, ziliweza kukaa vifuani mwa watu kwa miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuziandika, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor.

Lakini hapo hapo nikiri kuwa bila ya karatasi ya Sikujua leo tungekuwa na jina la Muyaka na sifa zake tu, basi. Karatasi siidharau.

Kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha Abdilatif Abdalla. Alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972, na mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) aliyaandika kwa siri gerezani, juu ya karatasi za chooni. Tunapenda kukisimulia kisa hiki kama habari ya ushujaa, na ni ushujaa kweli. Wahakiki wetu, hata hivyo, huishia kwenye siasa yake, wakaipita karatasi yenyewe. Karatasi ya chooni ni nyepesi, huchanika, wino huvuja ndani yake, na kuificha ni kazi. Haimpi mtu nafasi ya kukata mshororo na kuuandika upya mara tano. Sioni njia nyingine ila ubeti uwe umekwisha kuiva kichwani kabla ya kuguswa na wino. Ukali na utimilifu wa beti zile, nathubutu kusema, umetokana na udhaifu wa karatasi kama ulivyotokana na ghadhabu ya mfungwa.

Nasema haya nikiwa na kesi ya kujibu. Miaka michache iliyopita niliandika shairi la harusi mezani, juu ya karatasi nzuri nyeupe. Mizani niliihesabu kwa vidole, vina vilikuwa sawa. Siku yenyewe mwimbaji alipolichukua, akasita katika ubeti wa tatu. Nilikuwa nimeimaliza maana katikati ya utao, kisha nikaanza jambo jipya mle mle kwenye silabi nne zilizobaki. Jicho lilikubali. Koo lilikataa, na mbele ya watu mia mbili mwimbaji alivuta pumzi pahala ambapo maana haikuwa na mlango. Hakuna aliyenilaumu, lakini mimi nilijua kosa lilitoka mezani.

Kwa tafsiri ni mambo mengine. Mshororo wa mtu wa lugha nyingine haujawahi kukaa kifuani mwangu, hivyo bila karatasi na kamusi mbili siendi popote.

Basi kijana yule, popote alipo, jibu lake ni hili. Penseli, kwa sababu hufutika. Daftari la skuli, lile la bei ndogo, kwa sababu siliogopi. Lakini hiyo ni kalamu ya pili. Ya kwanza ni mwendo wa miguu kutoka nyumbani hadi Darajani asubuhi, ninapokwenda nikinong'ona kipande kimoja kimoja, na nikifika mnadani kwa samaki nikisikia namna mnadi anavyozikata namba zake. Kisichofika sokoni nami sikiandiki. Ule ubeti wa tatu nimekuwa nikienda nao hivyo tangu mwezi uliopita; ukwapi umekubali, utao bado.