Mpangilio wa "Tazama Pia"

Msafiri atokaye Itungi kwa meli, akitajiwa miji ya mwambao wetu, hutegemea kuipata kwa mfuatano wa ziwa: Manda, Lituhi, Liuli, ndipo Mbamba Bay. Mwandikie majina hayo hayo kwa alfabeti naye atasoma Lituhi, Liuli, Manda, Mbamba Bay. Hakuna jina lililokosewa. Lakini mgeni aliyeikariri orodha hiyo atadhani Manda iko kusini ya Liuli, na kama huko ndiko aendako, atakuwa bado amekaa kitako meli ikishapita mlango wa mto Ruhuhu. Mwenyeji hapati hasara, maana yeye hakuihitaji orodha.

Mfano huo ulinijia nikiwa Mbinga mjini, nasoma kitabu cha maelekezo cha Emacs kwa kutumia Info, programu yake ya kusomea. Kitabu kizima kimo ndani ya kompyuta, hakidai mtandao, na kwa mtu anayejifunza peke yake hiyo si sifa ndogo. GNU Emacs, kazi ya Richard Stallman, ilianza kusambazwa mwaka 1985, na namna yake ya kusoma bado ina ladha ya miaka ile. Ndani ya kurasa mna maneno ya "tazama", kama katika kamusi. Ukibonyeza herufi f unaulizwa ufuate "tazama" ipi. Ukibonyeza m unaulizwa uingie sehemu ipi ya sura. Usipojua, unabonyeza kitufe cha Tab, na majina yote yanajitokeza uchague. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu, kwa kuwa kwa kawaida majina hayo hupangwa kwa alfabeti.

Chukua sura ya kufuta na kukata maandishi. Mwandishi anaanza na kufuta, anaingia kukata kwa mistari, anafuata amri nyingine za kukata, anamalizia na mambo ya hiari. Mwalimu yeyote angekwenda hivyo. Alfabeti, kwa majina ya Kiingereza ya sehemu hizo, inayapandisha mambo ya hiari hadi nafasi ya pili. Mwanafunzi anaulizwa anapenda kisu kinolewe vipi kabla hajaonyeshwa jinsi ya kukishika. Kijana wa jirani niliyemketisha hapo alichagua jina hilo la pili kwa kuwa lilikuwa fupi. Baada ya robo saa akaniambia, "Shikamoo Mwalimu, kitabu hiki kina wenyewe." Sikuwa na jibu, na shikamoo ile ilikuwa ya kuagia.

Nitaambiwa kwamba hata kamusi hupangwa kwa alfabeti. Ndiyo, kwa sababu anayefungua kamusi huja na neno lake mkononi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inamweka mwalimu kwenye M, nasi tunamkuta. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya mengi ya maneno ya mnyambuliko chini ya kitenzi chake, utaratibu wa kupendeza kwa aliyekwisha kulijua shina, na wa kutesa kwa asiyelijua. Faharasa ndefu ya mwisho wa kitabu nayo iachiwe alfabeti yake. Ila anayeuliza "kutoka hapa naweza kwenda wapi?" hana neno mkononi. Ana ukurasa tu, na mfuatano wa ukurasa ndio mwalimu pekee aliyebaki naye chumbani.

Haki itendeke: Info hujaribu kumpendekezea msomaji "tazama" iliyo karibu na pale alipofika, na tangu toleo la 29 la Emacs, lililotoka mwaka 2023, mtu anaweza kuamuru majina yasipangwe kwa alfabeti. Lakini amri hiyo huipata nani? Yule yule mwenyeji wa Liuli.

Cha ajabu, dawa imo humo humo. Usipoulizwa lolote, ukiwa unasoma tu, kitufe kile kile cha Tab hukupeleka kutoka "tazama" moja hadi inayofuata, kwa mfuatano wa ukurasa kama alivyouandika mwenyewe. Siku hizi nasafiri hivyo. Kijana nilimtumia salamu aje nimwonyeshe. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza, hakuja.