Maneno Mapya ya Uandishi wa Michezo na Mipaka ya Kiswahili Sanifu: Uhakiki kwa Mtazamo wa Rwamgasa

1. Utangulizi

Katika mijadala ya lugha ya vyombo vya habari nchini Tanzania, uandishi wa michezo hutajwa mara kwa mara kuwa eneo linalobananga Kiswahili. Madai yenyewe yanajulikana: mwandishi wa michezo hubuni maneno bila idhini, huyapa maneno ya zamani maana ngeni, na huyachanganya na Kiingereza kiasi cha kumpotosha mwanafunzi. Makala haya yanayapima madai hayo kwa swali moja: je, neno lililobuniwa katika ukurasa wa michezo au katika utangazaji wa mpira linaweza kuhesabiwa kuwa Kiswahili sanifu kabla ya kuthibitishwa na chombo cha usanifishaji? Hoja inayotetewa ni kwamba linaweza, iwapo linafuata sarufi, linataja jambo lililohitaji jina, na linaeleweka mbali na meza ya mwandishi. Kwa vigezo hivyohivyo, maneno mengine yanayosifiwa kuwa ubunifu ni mapambo tu.

2. Usanifu wa mbali

Msingi wa Kiswahili sanifu uliwekwa mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua lahaja ya Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kuisanifisha. Baada ya uhuru, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoka mwaka 1981. Uamuzi kuhusu neno lipi ni sanifu umekuwa ukifanyika pwani, hususani Dar es Salaam.

Rwamgasa ni eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Mkoa wa Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Ni sehemu ya ukanda ambako Kisukuma kina wazungumzaji wengi na ambako dhahabu huwakutanisha watu wa makabila mbalimbali. Katika mazingira ya namna hiyo Kiswahili ni lugha ya kazi, ya biashara na ya kupatana bei, na matangazo ya mpira ni miongoni mwa matini ndefu za Kiswahili ambazo mtu huzisikiliza kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtaala. Ndiyo maana swali la uhalali wa maneno hayo lina uzito hapa. Mwanafunzi anayeandika katika insha neno alilolisikia redioni anaweza kukatwa alama, na mwalimu anayezikata hana orodha inayomwonesha kwa nini neno moja lipite na jingine likataliwe.

3. Maneno yanayofaulu

Mfano wa kwanza ni kitenzi otea. Maana yake ya msingi ni ya mwindaji: kujificha na kumngoja mnyama apite. Watangazaji wa mpira wamekitumia kumtaja mshambuliaji anayepokea pasi akiwa nyuma ya mabeki kinyume cha kanuni. Hakuna sauti ngeni iliyoingizwa wala kanuni ya sarufi iliyovunjwa, na msikilizaji asiyejua Kiingereza hulipata wazo kwa mara moja. Neno ngwe limepitia njia hiyohiyo. Kwa mkulima, ngwe ni sehemu ya shamba iliyopimwa ili ilimwe. Katika mpira, ngwe ya kwanza na ngwe ya pili ni vipindi viwili vya mchezo. Kazi iliyogawanywa kwa ardhi imegawanywa kwa muda.

Mfano wa pili ni nomino ambatani. Mlinda mlango, mshika kibendera na mfunga mabao zimeundwa kwa kitenzi na yambwa yake, kama ilivyo katika mpiga ngoma. Klabu ya Geita Gold ilipocheza Ligi Kuu msimu wa 2021/22, msimu ambao mshambuliaji wake George Mpole aliibuka mfungaji bora kwa mabao 17, jina wachimba dhahabu lilitumika kuitaja timu hiyo kwa kanuni hiyohiyo ya uundaji. Hata jina la gazeti la Mwanaspoti linafuata utaratibu uliokwisha kuzaa mwanasheria na mwanasiasa, ingawa mzizi wake, spoti, ni wa kukopa.

Mfano wenye nguvu zaidi ni usemi kuupiga mwingi. Kwa haraka unaweza kuonekana kuwa lugha ya mtaani isiyo na mpangilio. Uchambuzi unaonesha kinyume: kiambishi u- na kivumishi mwingi vinapatana na nomino mpira wa ngeli ya U-I, nomino ambayo imedondoshwa kwa sababu kila msikilizaji anaijua. Usemi huu ulihamia baadaye kwenye siasa na kutumika kumsifu Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeingia madarakani Machi 2021. Mpira wenyewe haukutajwa tena, lakini upatanisho wa kisarufi ulibaki. Danadana, nayo, imetoka miguuni mwa mchezaji ikawa jina la ahadi zinazoahirishwa kila siku. Neno linalotumika vizuri nje ya uwanja uliolizaa limekwisha kupita mtihani ambao kamati peke yake haiwezi kuutoa.

Ukopaji nao hauharamishi neno. Dabi ya Kariakoo, pambano la Simba na Yanga, ni usemi uliojengwa kwa maneno mawili yenye asili ya Kiingereza. Kariakoo lilitokana na jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo hakuna anayelihesabu kuwa jina geni. Dabi limeingia kwa mlango uleule, likiwa na irabu mwishoni kama sauti za Kiswahili zinavyotaka.

4. Mapambo na upungufu

Watetezi wa usanifu, hata hivyo, wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Katika taaluma ya istilahi, vigezo tisa vya Kiingi vinavyojulikana kwa kifupisho PEGITOSCA vinadai, pamoja na mambo mengine, usahihi, iktisadi na kukubalika. Kwa kigezo cha iktisadi, lugha ya michezo ina kasoro kubwa. Mchezo mmoja unaitwa soka, kandanda na kabumbu. Mechi moja inaitwa mtanange, kipute, mchuano na mpambano. Tofauti kati ya mtanange na kipute haielezeki kwa kanuni yoyote ya mchezo. Mwandishi hubadilisha ili asirudie neno, na hilo ni suala la mtindo, si la istilahi.

Ni katika upungufu kwamba kasoro hii inajidhihirisha. Lugha yenye majina manne ya mechi bado huuacha mfumo wa video unaomsaidia mwamuzi katika kifupisho chake cha Kiingereza, VAR. Ubunifu umerundikana mahali palipokwisha kutajwa na kupungua mahali palipohitaji jina. Mhakiki anayewatetea wanahabari kwa jumla huificha hali hii, kama vile anayewashutumu kwa jumla anavyoificha thamani ya otea na ngwe.

Kigezo cha usahihi nacho kinapimika vizuri zaidi mbali na pwani. Neno nyanda hutumika magazetini kwa maana ya golikipa. Katika Kisukuma, nyanda ni kijana wa kiume. Kwa msomaji wa Rwamgasa anayezungumza Kisukuma, sentensi inayosema kuwa nyanda ameokoa mchomo inamtaja kijana kwanza, na mlango hauonekani mpaka muktadha umsaidie. Mlinda mlango halina tatizo hilo. Mgongano huu haulifanyi nyanda kuwa kosa, lakini unaonesha kuwa neno linaloeleweka mara moja katika chumba cha habari linaweza kuhitaji ufafanuzi mahali pengine, na kwamba eneo kama Rwamgasa linastahili kuwa sehemu ya upimaji.

5. Maneno yasiyo na gazeti

Rwamgasa haipokei maneno tu. Ukanda wake wa dhahabu huyaunda pia. Katika lugha ya wachimbaji wadogo, duara ni shimo la kuchimbia, ingawa darasani ni umbo la hisabati. Mwalo, ambao kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria ni mahali pa kutia mitumbwi nanga, ni mahali pa kuoshea na kuchenjulia mawe yaliyosagwa. Karasha ni mashine ya kusagia mawe hayo, na matimba ni miti inayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Uhamisho wa maana kutoka mwalo wa samaki hadi mwalo wa dhahabu haupishani na ule wa ngwe kutoka shambani hadi uwanjani. Ukopaji wa karasha haupishani na ule wa dabi.

Kinachotofautisha makundi haya mawili ni njia ya kusambaa. Neno la michezo lina gazeti, redio na mtangazaji. Neno la mgodini hungoja tukio la kitaifa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa makinikia: mwaka 2017 Serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wenye madini kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, neno hilo lilienea nchini katika muda mfupi. Umbo lake linakaribiana na makinika, kitenzi cha utulivu wa akili, kwa hiyo uangavu wake ni mdogo kuliko wa otea. Lilikubalika kwa sababu lilisemwa bungeni na kuandikwa kurasa za mbele. Matimba, ambalo mchimbaji hulihitaji ili aelewane na mwenzake kuhusu uhai wao chini ya ardhi, halijapata jukwaa kama hilo.

6. Hitimisho

Maneno mapya ya uandishi wa michezo hayawi sanifu kwa kuwa yamechapishwa, wala hayakosi usanifu kwa kuwa yamebuniwa na mwanahabari. Otea, ngwe, mlinda mlango na kuupiga mwingi yanatosheleza masharti ya sarufi, haja na ufahamikaji, na mwanafunzi anayeyatumia kwa maana yake hastahili kukatwa alama. Mtanange na kipute yana nafasi yake katika mtindo, lakini hayaonyeshi kuwa istilahi za michezo zimekamilika. Vyombo vya usanifishaji vinavyokusanya maneno kutoka magazetini pekee vitaendelea kuyaona yale yaliyokwisha kupata wasemaji wenye sauti. Masharti yaleyale yakipelekwa kwenye maduara na mialo ya Rwamgasa, mwalo, karasha na matimba yatakuwa na haki sawa ya kuingia kamusini, na mwalimu wa huko atakuwa na sababu anayoweza kuieleza kila anapolikubali neno au kulikataa.