Giza Halikuwa Sababu

Nianze na hukumu, maana wasomaji wangu wa siku nyingi wanaijua tayari: kusimamisha uokoaji usiku wa Septemba 20, 2018 pale kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, lilikuwa kosa. Si kosa la wazamiaji wala la wavuvi. Ni kosa la aliyetoa amri.

Picha mnazikumbuka. MV Nyerere, kivuko cha kwenda Ukara, imelala kifudifudi karibu na gati la Bwisya, tumbo juu, mitumbwi imeizunguka. Ilipinduka mchana wa Alhamisi, siku ya gulio, ikitoka Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walifika 228. Jua lilipozama ikatangazwa kwamba kazi imesitishwa mpaka asubuhi. Sababu ikatajwa kuwa ni giza.

Tulichambue hilo giza. Ndani ya chombo kilichopinduka hakuna mchana. Mzamiaji anayejipenyeza kwenye chumba cha injini saa 6 adhuhuri anaona kile kile atakachokiona saa 6 usiku, yaani pale tu taa yake inapomulika. Hatari zake ni kamba, mizigo inayoelea na njia ya kutokea, na hatari hizo hazipungui jua likichomoza. Kilichohitaji mwanga ni juu ya maji, na hapo watu wa Ukara ni mabingwa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku, kwa taa. Ukiwaambia wavuvi wale kwamba ziwani hakufanyiki kazi gizani, umewaambia kwamba maisha yao yote hayapo. Tena usiku ule mwezi ulikuwa umebakiza siku 5 tu kuwa mpevu.

Hata kama wazamiaji hawakuwapo wa kutosha, ipo kazi isiyohitaji mzamiaji. Tumbo la kivuko lilikuwa nje ya maji. Mtu anapanda, anagonga chuma kwa nyundo, watu wote wananyamaza, anasikiliza. Anahama hatua mbili, anagonga tena. Akijibiwa, anaweka alama. Kazi hiyo inafanyika usiku kucha, na usiku ni bora zaidi kwa sababu kelele zimepungua. Alfajiri mzamiaji anakuta ramani badala ya kuanza kupapasa.

Wapo watakaosema walio ndani walikuwa wamekwisha kufa. Jumamosi, siku ya tatu, wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa amejifungia chumba cha injini, kwenye hewa iliyonaswa. Kwa hiyo Alhamisi ile, wakati amri inasomwa, ndani ya kile chuma kulikuwa na mtu anayepumua. Kama alikuwapo mmoja, nani aliyehakikisha kwamba hawakuwapo wawili, au watano? Hatutajua kamwe, na kutojua huko ndiko kunakoniuma.

Wala haikuwa ajabu isiyotazamiwa. Mei 2013, pwani ya Nigeria, mpishi Harrison Okene alikaa takriban saa 60 ndani ya meli ndogo iliyozama mita 30, akatolewa mzima. Dunia nzima iliitazama video ile. Kanuni ya tiba ya dharura ni hiyo hiyo: majeruhi hahesabiwi amekufa kwa kukadiria, anahesabiwa baada ya kukaguliwa. Maji huondoa joto la mwili mara 25 zaidi ya hewa, na hewa iliyonaswa huchafuka kwa pumzi ya aliye ndani yake. Mtu wa namna hiyo anakopeshwa saa. Huwezi kumkata saa 12 ukasema utamrudia asubuhi.

Hapa narudi kwenye wimbo wangu wa zamani, na sitauacha. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikabaki ikielea tumbo juu, watu wakiwa hai ndani. Likatobolewa tundu, hewa iliyokuwa ikiibeba ikatoka, meli ikazama nao. Mwaka 1996 tulikimbilia kutoboa; mwaka 2018 tukakimbilia kwenda kulala. Yanaonekana makosa mawili yanayopingana, lakini yana mzazi mmoja: hakuna kamanda wa tukio anayejua chombo na anayejua mwili wa binadamu. Anayeshika kipaza sauti ni kiongozi wa serikali, na kipaza sauti hakitofautishi kuokoa na kuopoa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2015 ilikuwapo. Pale gatini haikuonekana.

Linganisheni na Nungwi. MV Spice Islander ilizama usiku wa manane wa Septemba 10, 2011, kwenye mkondo mkali kati ya Unguja na Pemba, mbali na nchi kavu. Wavuvi wa Nungwi hawakungoja kukuche. Walitia vyombo majini, na watu zaidi ya 600 walitoka hai. Wale ndio mashujaa wangu, na kila msiba wa majini ninaupima kwa kipimo chao. Ukara walitoka hai watu 41, mchana, karibu na gati.

Haki itendeke pia: wazamiaji walifanya kazi ngumu kwa siku kadhaa, na kivuko kiliinuliwa vizuri.

Jambo la mwisho ni la tabibu. Ukara ni kisiwa, na kivuko kilichopinduka ndicho kilichokuwa barabara yake ya kwenda Ukerewe. Aliyenusurika kuzama anaweza kuonekana mzima jioni, mapafu yakamshinda baadaye usiku; anahitaji oksijeni na macho ya kumtazama. Baada ya msiba, sehemu ya rambirambi ilitumika kujenga Kituo cha Afya Bwisya. Ni jambo jema, lakini limetangulia kaburi kisha kikafuata kitanda.

Wakuu wa mikoa yote ya ziwa na pwani, nawaomba mambo matatu. Kila gati liwe na jina la kamanda wa uokoaji, lijulikane leo. Liwe na orodha ya mitumbwi, taa na mitungi ya oksijeni ya kufanyia kazi usiku. Na amri ya kusimamisha msako isitolewe kabla daktari na mzamiaji hawajaitia saini wote wawili.